Mbaazi Haisubiri Palizi ya Mahindi

Kila Februari nikipita njia ya Nachingwea nakuta mambo yaleyale: mahindi yamefika kiunoni, mwenye shamba yumo kwenye palizi, mbegu za mbaazi bado zimo ndebeni. "Bwana shamba, mbaazi haina haraka, si ya kiangazi hiyo?" Julai ananiita nikaone vijiti vya kufika gotini vyenye maua ya kuhesabika. Anashuku mbolea. Kumbe ni tarehe!

Mbaazi zetu za muda mrefu na wa kati hupima urefu wa usiku. Majani yana protini iitwayo fitokromu. Mwanga mwekundu wa jua huiwasha, giza huizima polepole. Usiku ukirefuka vya kutosha, saa ya ndani ya mmea huagiza maua. Jogoo wako naye ana saa yake ndani. Mfungie gizani, bado atawika.

Mtwara, mchana wa mwishoni mwa Desemba una urefu wa kama saa 12 na dakika 43. Mwishoni mwa Juni, saa 11 na dakika 32. Kwako dakika sabini si kitu, kwa mbaazi ni ishara ya kuchanua. Mbaazi iliyopandwa mwishoni mwa Februari huitwa kuchanua ingali kitoto, haina tawi la kubebea maganda.

Kwa hiyo panda siku moja na mahindi, au usizidishe wiki mbili. Subiri mvua iliyolowesha udongo kina cha kiganja, si manyunyu ya kutuliza vumbi. Mistari ya mahindi sentimita 90, mbaazi katikati yake, shimo hadi shimo sentimita 60, mbegu tatu, kisha punguzia zibaki mbili. Kina sentimita 4 hadi 5. Tumia kamba yenye mafundo, jamani. Hatua ya miguu yako na ya mkeo hazilingani.

Umeshachelewa? Basi usipande kwa nafasi ileile. Mimea itakuwa midogo, kwa hiyo sogeza mashimo hadi sentimita 30 upate wingi wa miche badala ya matawi. Ni kupunguza hasara tu, usije ukaifanya desturi.

Tena usipande chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Mmea unaweza kuendelea kuota majani tu.

Matawi yakikutana katikati ya mistari kabla ya maua, uko sawa.