Folda ya nyumbani ikigoma kufunguka, tazama saa kwanza

Katika ofisi zinazochanganya Windows, Mac na Linux chini ya seva moja ya saraka (inayotunza majina na nywila za watumiaji wote), hutokea mara nyingi kwamba mtumiaji anaingia vizuri kwenye kompyuta, lakini folda yake ya nyumbani iliyoko kwenye seva haifunguki. Kabla hujagusa ruhusa za mafaili, linganisha saa ya kompyuta hiyo na ya seva. Kerberos, ambayo hutoa tiketi za utambulisho, kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5, ilhali kuingia kwenyewe huweza kufanikiwa kwa sababu kompyuta hukumbuka nywila ya mara ya mwisho. Hapa Mtwara niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikibadilisha ruhusa katika ofisi moja ya Shangani, kumbe umeme ulikuwa umekatika usiku, betri ya CR2032 inayotunza saa ya kompyuta ilikwisha zamani, na mashine ilijiona iko mwaka 2009.

Saa zikiwa sawa, hakikisha kompyuta inatumia DNS (huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani) ya seva ya saraka, si ya ruta.

Kwa Linux inayofungua folda kwa NFS (njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao), andika amri ya id pamoja na jina la mtumiaji kwenye mashine zote mbili: iwapo seva inamtambua kwa namba 10021 na kompyuta kwa 1001, mafaili yake yataonekana ni ya mtu mwingine. Dawa ni namba hiyo itoke kwenye saraka, wala si kuweka 777 (ruhusa zote kwa kila mtu), kosa ambalo mafundi wengi tumelifanya kwa haraka ya kuwahi kuondoka.