Sakulenti Ikitoa Maua: Maji, Wadudu na Wakati wa Kukata Bua

Bua la maua likianza kuchomoza kati ya majani manono ya sakulenti, yaani mmea unaohifadhi maji kwenye majani au shina lake, wengi hukimbilia kuongeza maji na mbolea, na hapo ndipo mizizi huanza kuoza. Kabla hujagusa chochote, angalia bua limetokea wapi. Ukilijua hilo utajua kama mmea utaendelea kuishi baada ya maua.

Echeveria, Haworthia, Gasteria na mishubiri mingi hutoa bua ubavuni, kati ya jani na jani. Kitovu cha mmea hubaki kizima, na msimu mwingine utachanua tena. Kwa Sempervivum na Agave nyingi, mkonge ukiwemo, ni kitovu chenyewe kinachorefuka na kuwa bua. Mmea wa namna hii huchanua mara moja tu, kisha hufa. Kukata bua hakuuokoi, kwa kuwa sehemu iliyokuwa ikizaa majani imekwisha kugeuka maua. Kazi yako hapo ni kuokoa kizazi: ng'oa machipukizi yaliyoota pembeni yakiwa na mizizi, au, kwa mkonge, okota miche midogo inayoota kwenye matawi ya bua baada ya maua kuanguka. Aeonium iko katikati ya makundi haya mawili. Tawi lililochanua hufa, lakini matawi mengine huendelea; isipokuwa kama mmea una shina moja lisilo na tawi, huo hufa wote.

Sasa maji. Bua hukua kwa akiba iliyomo ndani ya majani, kwa hiyo majani mawili matatu ya chini kunyauka si ugonjwa. Chomeka kijiti kikavu cha mbao kwenye udongo hadi karibu na sakafu ya chungu, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatiririke kwenye matundu ya chini, na umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Elekeza maji kwenye udongo, yasituame katikati ya majani, kwa sababu shina jipya la ua ni laini na huoza upesi.

Majani laini yanaweza kukudanganya. Yakiwa yamekunjamana na udongo ni mkavu, mmea una kiu. Yakiwa ya njano, yanaonyesha mwanga kwa ndani na huanguka kwa kuguswa, huku udongo ukiwa mbichi, mizizi imezama. Kumwagilia tena ni kuumalizia. Uache udongo ukauke, na kama shina limeanza kuwa jeusi chini, kata juu ya weusi huo hadi ufikie nyama safi, kausha kidonda siku kadhaa, kisha upande upya. Hii ndiyo sababu pekee ya kuuhamisha mmea ukiwa na maua. Uhamishaji wa kawaida usubiri hadi maua yaishe, maana mizizi ikijeruhiwa, vitumba ndivyo hudondoka kwanza.

Mbolea si ya lazima. Ukitaka kuitia, itie vitumba vinapoanza tu kuonekana, mara moja, ikiwa imezimuliwa hadi nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, tena udongo ukiwa na unyevu. Chagua yenye naitrojeni kidogo. Naitrojeni nyingi huleta majani marefu na malegevu, yanayowapendeza wadudu.

Na wadudu ndio wa kuogopwa zaidi wakati huu, maana bua changa lina utomvu mtamu. Vidukari hujazana chini ya vitumba. Vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba, hujificha pale bua linapoungana na majani. Ukiona sisimizi wakipanda bua, kagua siku hiyohiyo, kwa sababu hufuata majimaji matamu wanayotoa wadudu hao. Bua likiwa limejaa vidukari, ni heri kulikata na kulitupa kuliko kuhatarisha mmea mzima. Wakiwa wachache, wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, ukimgusa mdudu mwenyewe. Echeveria nyingi zina unga wa nta juu ya majani, nao ukifutika haurudi kwenye jani hilo. Kwa hiyo gusa mahali penye mdudu tu. Rudia kila wiki hadi usione wengine, kwa kuwa mayai hubaki.

Vitumba vikidondoka bila wadudu, kwa kawaida mmea umehamishwa ghafla kutoka kivulini kwenda juani, au umekaushwa kupita kiasi. Chungu kikae palepale hadi maua yafunguke. Kalanchoe ya maua ina sharti lake: ili ifanye vitumba, inahitaji giza la takribani saa 14 mfululizo kila usiku kwa wiki 6 hivi. Taa ya chumbani ikiwashwa usiku huharibu mpango huo.

Maua yakiisha, kata bua kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukiacha sentimita 2 hadi 3. Kipande hicho hukauka chenyewe na baada ya wiki chache hung'oka kwa kuvutwa taratibu. Ukikivuta kibichi kitachana shina. Usiyatupe majani madogo yaliyo kwenye bua la Echeveria. Yabandue yakiwa mazima hadi kwenye kikonyo, yaache kivulini siku 2 au 3, kisha yalaze juu ya mchanga mkavu. Mengi hutoa mizizi.

Kwa jamii ya Euphorbia, vaa glavu unapokata. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja.