Namna ya Kuyasoma Majengo ya Mji wa Carlow, Ayalandi

Anayetaka kuuelewa mji wa Carlow, makao makuu ya kaunti yenye jina hilohilo, aanzie kando ya mto Barrow, penye gofu la ngome ya mwanzoni mwa karne ya 13. Minara ya pembeni ilikuwa minne; iliyosalia ni miwili, pamoja na ukuta unaoiunganisha. Walioiangusha si maadui: mwaka 1814 tabibu aitwaye Middleton, aliyetaka kuifanya hospitali ya wagonjwa wa akili, alitumia baruti kupunguza unene wa kuta, na sehemu kubwa ikaporomoka.

Kutoka hapo nenda kwenye mahakama iliyokamilika mwaka 1834, kazi ya msanifu William Vitruvius Morrison. Usiikaribie upesi. Itazame kwanza kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa nguzo zake za Kigiriki, zenye vichwa vilivyojiviringa kama pembe za kondoo dume, ziliinuliwa juu ya ngazi ili zionekane kwa mbali. Husimuliwa kwamba ramani yake ilikusudiwa kupelekwa Cork, mji mwingine wa Ayalandi. Mimi siegemei masimulizi hayo. Kanisa kuu la Wakatoliki lilianza kujengwa mwaka 1828, yaani mwaka mmoja kabla ya sheria iliyowafungulia Wakatoliki milango ya Bunge la Uingereza, na tarehe hiyo ina uzito kuliko urefu wa mnara wake.

Katika mitaa ya maduka, inua macho juu ya vibao. Sehemu ya chini hubadilishwa na kila mpangaji, ilhali ghorofa za juu huachwa zilivyo. Madirisha ya kupandisha na kushusha yenye vioo vidogo vingi kwa kawaida ni ya zamani kuliko yale ya vioo vichache vikubwa, ingawa fremu huweza kubadilishwa, hivyo linganisha na nyumba jirani.

Ukisha kukisia umri, linganisha ramani za upimaji za miaka ya 1830 na zile za mwisho wa karne hiyo: jengo lisilokuwemo katika za kwanza bali limo katika za pili lilijengwa katikati ya vipindi hivyo. Kisha tafuta jengo lako katika orodha ya taifa ya urithi wa majengo, ila usiichanganye na orodha ya baraza la kaunti. Ya taifa hutathmini tu. Ya baraza, chini ya sheria ya mwaka 2000, ndiyo hulinda, na ulinzi huo hufika hadi ndani ya jengo na kiwanja chake. Mmiliki asiye na hakika aliombe baraza tamko la maandishi kuhusu kazi zipi zinahitaji kibali kabla ya kugusa hata dirisha.