Namna ya Kuwatazama na Kuwahesabu Ndege Wahamaji wa Mida, Agosti na Septemba

Kiangazi kinapoelekea kwisha huko Siberia na Asia ya Kati, sisi huku Watamu tungali katika kipupwe na kusi bado inavuma. Ndiyo majira ambayo ndege wa kwanza wa safari ndefu hutua kwenye matope ya Mida, hori ya bahari iliyo karibu nasi katika Kaunti ya Kilifi. Kazi yangu ni kuwaongoza watu kwenye matope hayo, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu wengi huja Novemba au Desemba, wakati ndege hawa wamekwisha kubadili manyoya na kuwa wa kijivu wote. Anayekuja mapema humwona ndege akiwa bado na manyoya yanayotaja umri wake.

Hatua ya kwanza: panga siku kwa kufuata maji

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote. Maji ya Mida hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa yapata saa nne asubuhi. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika katika tope lote, na hata mwenye teleskopu nzuri huona vitone tu. Yanapoanza kupanda huwasukuma polepole kuelekea ukingoni, kundi kwa kundi, hivi kwamba kati ya saa saba na nusu na saa tisa na nusu mchana unaweza kuwaona karibu bila wewe kusogea hata hatua moja.

Siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu, hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa maji hayafuniki tope lote na ndege hawana haja ya kukukaribia. Tazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kisha muulize mvuvi wa hapo hapo Mida, maana yeye hujua ni fungu lipi la mchanga litakalozama mwisho.

Hatua ya pili: chagua mahali pa kusimama

Ukikaa upande wa magharibi, kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, jua la alasiri huwa mgongoni na rangi huonekana jinsi zilivyo. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya milimita 42, inatosha kuanzia. Teleskopu ni bora, na watu watatu wanaweza kutumia moja. Vaa nguo za rangi iliyofifia, fika mapema, na ukae.

Hatua ya tatu: tazama umri kabla ya kutafuta jina

Anza na kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo (*Calidris ferruginea*), anayezaliana kwenye tundra ya Siberia. Wanaofika Agosti ni wakubwa, kwa kuwa wao huondoka kule kabla ya watoto wao. Mwelekezee teleskopu mmoja wao, utazame tumbo: utaona mabaka mekundu kama tofali yaliyochanganyika na manyoya meupe mapya, na mgongoni manyoya makuukuu yaliyochakaa ncha. Kuanzia Septemba huanza kuonekana ndege wa mwaka huu, nao hawana wekundu wowote. Mgongo wao ni safi, kila nyoya lina ukingo mweupe kama magamba ya samaki, na kifua kina rangi hafifu ya embe bivu. Ndege hao wachanga wamefika Mida bila kuongozwa na wazazi wao, jambo ambalo bado hunistaajabisha kila mwaka.

Akiruka, tazama juu ya mkia: kitwitwi huyu ana weupe pale. Ndege mnene wa kijivu mwenye doa jeusi kwapani ni *Pluvialis squatarola*. Sululu (*Numenius phaeopus*) hana shida, kwani ana mdomo mrefu uliopinda, michirizi kichwani, na mlio wa haraka unaojirudia kama mara saba.

Wanaosumbua ni vitwitwi wawili wa mchanga, mkubwa na mdogo, ambao hula bega kwa bega. Usiamini ukubwa wa mwili ukimwona mmoja peke yake. Pima mdomo kwa jicho: wa yule mkubwa ni mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya shina la mdomo na nyuma ya jicho, na miguu yake huelekea umanjano wa kijani, ilhali mdogo ana mdomo mfupi na miguu ya kiza. Ukibaki na shaka, andika kwamba ni kitwitwi wa mchanga na uishie hapo. Rekodi pungufu ni bora kuliko rekodi ya uongo.

Hatua ya nne: mpe muda mla-kaa

Namwita hivi *Dromas ardeola*, ndege mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene. Huzaliana kwenye mashimo anayochimba mchangani, katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, na hutaga yai moja jeupe ambalo joto la mchanga husaidia kuliatamia. Idadi yake Mida huanza kuongezeka majira haya.

Tafuta mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi: huyo ni wa mwaka huu. Mtazame kwa dakika kumi. Mkubwa hutembea hatua chache, husimama, hukimbia ghafla na kumdona kaa, humkung'uta mpaka miguu idondoke, na mtoto humjia ameinama akipiga miluzi. Tofauti na kitwitwi wa Siberia, huyu husafiri na mzazi na huendelea kulishwa miezi mingi baada ya kufika huku. Andika idadi ya watoto kando, kwa kuwa ndiyo dalili ya jinsi uzazi ulivyokwenda visiwani.

Hatua ya tano: hesabu bila kuwainua

Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, ulijue jicho lako kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa kumi-kumi. Fanya hivyo mara mbili. Maji yakishajaa, ndege hujikusanya na kulala kwa mguu mmoja, na hapo usisogee kabisa. Mwaka mmoja niliwaruhusu wageni wangu kusogea kidogo kwa ajili ya picha. Kundi lote likainuka, likazunguka mara tatu juu ya mikoko, likaenda kutua ng'ambo. Ndege waliotoka maelfu ya kilomita walitumia mafuta yao kwa sababu yangu, na tangu siku hiyo mstari wa kusimama nauchora mimi.

Ingiza orodha yako katika Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, kwa kutumia programu ya BirdLasser. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya kipande kimoja cha ramani. Andika tarehe, saa, hali ya maji, idadi, na wakubwa wangapi kwa wachanga wangapi.

Ukiwa na asubuhi ya ziada, nenda mlango wa mto Sabaki karibu na Malindi, ambako hadi Septemba hukaa ndege aitwaye *Glareola ocularis*, aliyekimbia baridi ya Madagaska na anayejiandaa kurudi kwao wakati hawa wa kaskazini wanaingia.

Kisha rudi Mida bamvua linalofuata, baada ya takriban siku 15, usimame mahali pale pale saa ile ile, na uhesabu upya wekundu na wenye magamba.