Unataka kuwa jaji wa shirikisho Marekani? Njia yenyewe iko hivi

Wadau mlioko Marekani mna vijana wanasoma sheria, hili swali nimeulizwa sana ngoja nilijibu hapa moja kwa moja. Kwanza usidhani ni kutuma barua na vyeti tu ukasubiri kuitwa interviu kama ajira za halmashauri. Rais anateua, Seneti inapitisha, na katiba yao haijataja umri wala hata digrii ya sheria, ila usijidanganye, kama hujasota mahakamani miaka na miaka hamna atakayehangaika na jina lako.

Mi huwa nawaambia wamfuatilie Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kushika hicho kiti. Alimaliza sheria Columbia 1946, akapiga kazi karibu miaka 20 kwenye mfuko wa kisheria wa NAACP, shirika la kutetea haki za weusi, mfuko alioanzisha wakili Thurgood Marshall (ndo yuleyule aliyewashauri wajumbe wa Kenya kwenye mambo ya katiba kule London 1960), anaenda Mississippi, Georgia, Alabama kudai weusi waingie vyuo na shule za wazungu. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi alisimama na kesi 10 akashinda 9. Kwa hiyo kijana akikimbilia mshahara mnono ofisini ambako haongei mbele ya jaji hata siku moja, mwambie mapema njia siyo hiyo.

Halafu siasa, hapa ndo wengi wanakwama. Kwa mahakama za wilaya (za shirikisho, ngazi ya kwanza, ziko 94) maseneta wa jimbo lako ndo kwa kawaida wanapeleka majina Ikulu, na kila mmoja anapewa karatasi ya bluu ya kusema anakukubali au la, akikaa nayo asirudishe jina lako linaweza kufia hapohapo. Wajue watu kabla hujawahitaji. Motley mwenyewe alishapitia seneti ya jimbo la New York.

Na tunza faili! Kamati ya Seneti inakupa dodoso refu balaa, kesi zako, hotuba, maandishi yote, pesa, na FBI nao wanapita kwa majirani wanauliza. Zile posti zako za usiku wa manane, haya.

Sasa uvumilivu. Rais Johnson alimteua Motley Januari 1966, mwenyekiti wa kamati alikuwa Eastland, seneta wa Mississippi, kulekule mama alikokuwa anawagaragaza mahakamani, unategemea nini? Alipitishwa mwishoni mwa Agosti.

Ukishaingia hakutoi mtu mpaka Baraza la Wawakilishi likushtaki na Seneti ikutie hatiani, na mshahara wako haupunguzwi. Ila watakujaribu. 1975 wakili wa upande mmoja alitaka Motley ajitoe kwenye kesi ya ubaguzi wa wanawake kazini, eti kwa kuwa ni mwanamke mweusi. Akamjibu kwamba majaji wote pale wana jinsia na rangi zao, tukienda hivyo nani atabaki wa kusikiliza? Kesi akabaki nayo.

Kustaafu nako kuna hesabu: ukifika miaka 65 na una 15 kazini unaweza kuwa jaji mwandamizi, kesi unapunguza, mshahara unaendelea. Motley alichukua hiyo 1986, na bado alikuwa jaji alipofariki 2005, akiwa na miaka 84.