Namna ya kufuata siku moja ya plenieri ya badepite ukiwa Lubumbashi (bila kumaliza mega za intaneti bure)

Bandugu, hii naandikia bale benye banafunguaka televizio, banakuta badepite banapigiana kelele kule Palais du Peuple, dakika tano banazima, banasema "bale banakulaka tu makuta ya Leta". Mi pia nilikuwa mu ile kundi. Lakini niko na kazi ya fotokopi pembeni ya salo moja ya kunyoa mu Kenya (komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, haiko ile inchi ya Nairobi), na mwenye salo anapendaka televizio ifunguke siku nzima, basi utake usitake unasikia. Kidogo kidogo nikaanza kushika kaye (daftari) na biki. Na kitu nimeona ni hiki: kelele si njo kazi. Kazi iko mu makaratasi, na kama haujui ni karatasi gani iko mbele yabo siku ile, unaweza kuangalia masaa sita na ukatoka vile uliingia.

Kwanza saa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kama batangaza plenieri (kikao cha badepite bote) ya 12h, ile ni 12h ya kwabo, huku ni 13h. Siku yangu ya kwanza nilinunua mega, nikakaa 12h ya huku, nikaangalia viti bitupu, kisha hata 13h ikapita, juu saa ya tangazo na saa ya marto (nyundo ya prezida) kugonga meza ni vitu viwili. Sasa mi siguse simu mupaka nisikie mu redio kama banaanza kuingia, au naacha televizio ya salo njo ifanye kazi.

Tena usitafute plenieri mu mwezi wa nane. Katiba ya 18/2/2006, artikle 115, inasema sesio za kawaida ni mbili kwa mwaka: ya kwanza tarehe 15 mwezi wa tatu mupaka 15 mwezi wa sita, ya pili 15 mwezi wa kenda mupaka 15 mwezi wa kumi na mbili. Ya mwezi wa kenda njo ya bajeti, ile usikose. Katikati banaweza kuitana mu sesio ya pekee, lakini ile ni juu ya mambo yenye yameandikwa mu barua ya kubaita, basi.

Mbele ya siku yenyewe tafuta programu ya siku, ile banaitaka ordre du jour. Hii ni karatasi ya kwanza na mi naona njo ya maana kupita zote. Inatokaka mu akaunti za Assemblée nationale (nyumba ya badepite) ku mitandao, na wanahabari banairudia. Isome pole pole, juu neno moja linageuza siku yote. Wakiandika "projet de loi", ni sheria yenye serikali imeleta. Wakiandika "proposition de loi", ni depite mwenyewe ameandika, na ile inapitia kwanza kwa serikali, iko na siku 15 za kutoa maoni yake. Wakiandika "question orale", siku ile hakuna sheria, kuna minista mwenye ataulizwa. Mi nachukua ukurasa moja ya kaye, juu naandika tarehe na vile vitu vya programu vikifuatana, pembeni naacha nafasi kubwa, na chini kabisa naandika swali moja tu: imefika wapi? Hii swali nitaeleza, ilinitoka na haya.

Sasa banaingia. Biro inakaa mbele, batu 7: prezida, bavise-prezida babili, raporteri na musaidizi wake, kesteri na musaidizi wake. Usipoteze wakati kwa kesteri siku ya plenieri, yeye ni wa makuta na vifaa vya nyumba. Angalia prezida, juu njo anatoa neno, na raporteri, juu njo anasoma. Sikiliza kama banasema kuhusu kuoromu. Badepite ni 500, na kwa kukaa kwa haki lazima bapite nusu, ni kusema 251. Kama habatoshi, siku imekufa pale pale na unaweza kurudia mu kazi yako. Vikao ni vya wazi, ni katiba inasema, lakini banaweza kuamua kufunga milango, "huis clos". Ukisikia ile neno na picha ikakatika, usipige televizio, haiko antena.

Mbele ya kuingia mu programu, kila mara kuna mutu anainua mukono: "motion!" Hapa njo kelele zinatokaka, na hapa njo batu bengi banachanganyikiwa. Mosio inapita mbele ya kila kitu, hata kama mwengine alikuwa ameanza kusema. Iko ya kukumbusha utaratibu wa kikao, iko ya kutoa habari (mara mingi ni kusema kwetu kumekufa batu, kwetu daraja imeanguka), iko ile ya kusema hii jambo tusiizungumze hata kidogo, ile ya mwisho banaitaka motion préjudicielle na njo yenye inaweza kuuwa tekisti mbele haijafunguliwa. Kwa hiyo usicheke depite mwenye anapiga kelele "motion" mara tatu, pengine anajua kile anafanya. Mi kwa mosio za habari naandika kamustari kamoja tu, kwa ile ya kuzuia naandika jina, saa na namna ilimalizika.

Sheria yenyewe sasa. Hapa njo nilianguka. Siku moja badepite balizungumza tekisti fulani, mwenye kuileta akaeleza, badepite bakasema kila mutu na yake, bakapiga kura, prezida akagonga marto, makofi. Mi nikatoka inje ya salo nikatangazia batu: sheria imepita! Kuna muzee mmoja anakuyaka kunyolewa ndevu, alifanyaka kazi mu biro za Leta zamani, alikuwa na povu ya sabuni mashavu yote mbili, akageuza kichwa polepole, mwenye wembe akashituka, akaniuliza: "Mwanangu, imepita kufika wapi?" Nikakosa jibu. Batu bakacheka mupaka wembe ukawekwa chini.

Ile siku walikuwa wamekubali tu kuipokea. Banaitaka recevabilité, ni kusema: sawa, tekisti ina haki ya kuzungumzwa, iende mu komisio. Mu komisio, kwa mfano ile ya PAJ kwa mambo ya siasa, utawala na haki, au ECOFIN kwa makuta, njo banaifungua neno kwa neno, na huku hakuna makofi na hakuna kamera mingi. Kisha inarudi mu plenieri na raporti ya komisio, banapita artikle moja moja, halafu kura ya tekisti yote. Imemalizika? Hapana. Inaenda kwa Seneti, nyumba ya pili ya Parlement, yenye iko na basenatere 108 bakuchaguliwa (bane kwa kila provesi, Kinshasa munane), pamoja na baprezida ba zamani. Kama Seneti imebadilisha kitu, komisio ya batu ba nyumba zote mbili inatafuta neno moja. Halafu Prezida wa Repiblika, yeye iko na siku 15 za kuitia sahihi, na anaweza kuomba baizungumze tena. Halafu Journal Officiel, gazeti ya Leta yenye inatangaza sheria. Na mbele ya kuanza kazi, siku 30 baada ya kutangazwa mule, kama sheria yenyewe haisemi ingine. Hesabu hatua ngapi! Njo maana chini ya kila ukurasa wangu kuna ile swali ya muzee.

Na kuna jambo moja hapo batu ba kwetu habajui. Artikle 142 ya katiba inasema serikali lazima isambaze sheria mu Kifaransa na mu luga zote ine za taifa, mu siku 60 tangu sahihi ya Prezida. Kiswahili ni moja ya zile ine. Mi natoa kopi ya makaratasi kila siku ya Mungu, miaka sasa, na sheria ya Kiswahili yenye imepita mu mashini yangu ningeweza kuihesabu ku vidole na vidole vikabaki.

Siku ya question orale ni fupi kueleza. Depite anasoma swali, minista anasikiliza, badepite bengine banaongeza ya kwabo, kisha minista mara mingi anaomba masaa 48 ya kwenda kutayarisha jibu. Usisikitike na usiandike "amekimbia". Andika ile tarehe ya kurudia. Kama jibu halijatosha, mwenye swali anaweza kuomba igeuke interpellation, ni kusema minista anaitwa kujieleza mbele ya badepite, na hapo minista anaanza kutoka jasho juu nyuma ya ile kunaweza kufuata mosio ya kumuangusha.

Kuhusu ile mosio, hesabu zake zishike mu kichwa. Kwa minista mmoja lazima sahihi ya moja ya kumi ya badepite, ni 50. Kwa serikali yote ni robo, 125. Tangu kuiweka mupaka kuzungumza, lazima masaa 48 yapite, na wakati ule njo simu zinalia Kinshasa yote, batu banatoa sahihi zabo banarudisha. Kuangusha kunaomba 251. Kura ile ni ya siri, juu ni kuhusu batu. Lakini siku ya kura ya tekisti yote ya sheria ni kwa kuitwa jina na kujibu kwa sauti, kwa hiyo pale kaye inakuwa tamu: andika majina ya badepite ba kwenu mbele, na kila mutu akiitwa weka alama, oui, non, abstention, au hakukuwa. Inachosha, lakini kesho hakuna mwenye atakudanganya namna alipiga. Tarehe 27/1/2021 serikali ya Ilunga Ilunkamba ilianguka na kura 367. Na ukumbuke mwezi mbele ya ile: desemba 2020, kila mutu alitumiana video ya badepite banavunja viti. Lakini viti havikuangusha mutu. Kilichoondoa biro ya Jeanine Mabunda, prezida wa badepite wakati ule, ni makaratasi ya kuomba atoke na kura ya tarehe 10/12/2020, 281 kwa 200. Video naona bado inatembea, ile hesabu hakuna mwenye anaikumbuka.

Bajeti nayo, kama uko mutu wa Katanga, acha hata mupira. Serikali inapashwa kuweka projet mupaka 15 mwezi wa kenda. Usijaribu kufuata kila hesabu, utalala. Tafuta vitu viwili. Moja ni artikle 175 ya katiba: 40% ya mapato ya taifa ni ya maprovesi, inabaki pale pale inapokatwa. Sikiliza nani anaitamka na waziri anajibu nini. Ya pili ni redevance ya mine, ile makuta kampuni za mine zinalipa, juu Code minier (sheria ya mine) yenye ilibadilishwa mwaka 2018 inaigawa hivi: 50% serikali ya katikati, 25% provesi, 15% mji au sheferi penye mine iko, 10% mufuko wa bizazi vyenye vitakuya. Ukiwa unajua zile hesabu ine tu, hakuna depite atakuzungusha akikuya kukuambia makuta ilikwama Kinshasa. Muulize: ya 25 ao ya 15?

Sesio ikifungwa banakuya likizo, na ni wakati wao wa kurudi kwa batu. Chukua kaye yako. Usimuulize "umetufanyia nini", juu kwa ile swali iko na majibu ya mwaka muzima. Muulize tarehe: siku fulani, tekisti fulani, ulipiga namna gani na sasa imefika wapi? Anaweza kukujibu kama yeye ni wa taifa yote, haiko wa Lubumbashi tu, na haki iko kwake, katiba inasema hivyo mu artikle 101. Jibu: sawa honorable, mi pia ni wa taifa.

Na kama mukutano haupo, andika. Artikle 27 inapatia kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka petisio, peke yake ao na bengine, na mamlaka lazima ijibu mu miezi tatu. Ukurasa moja inatosha, jambo moja, tarehe ya plenieri yenye unasemea, majina na sahihi nyuma. Toa kopi mbili. Ile ya kwanza inabaki ku biro, ya pili usitoke bila bagonge kashe (muhuri) na tarehe juu yake, hata kama sekretere anakuambia rudia kesho, kaa pale, omba kiti. Miezi tatu inahesabiwa tangu ile kashe.