Mate, wanga na pH: jaribu iodini yako kwanza

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu, kijana aliyeanza kazi mwaka huu, alinipigia simu jioni. Wanafunzi wake walikuwa wamepata kwamba kimeng'enya cha mate kinameng'enya wanga upesi kabisa kwenye ndimu na kwenye magadi, lakini polepole kwenye maji matupu. Vitabu vyote vinasema kinyume. Kosa hilo nalijua. Liliwahi kunilia Jumamosi nzima.

1. Wanga. Koroga gramu 1 ya konflawa kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, jazia ifike mililita 100. Acha upoe.

2. Mate. Suuza mdomo, kisha sukutua mililita 20 za maji safi kwa dakika moja, utemee kwenye kikombe. Kila mmoja atumie mate yake mwenyewe. Nusu yake ichemshe dakika 5, upate mate ya kulinganishia, ambayo kimeng'enya chake kimeshakufa.

3. Iodini. Hapa usiwe na haraka. Ndiyo inayogeuka bluu ikikutana na wanga. Izimue mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Halafu, *kabla mate hayajagusa chochote*, changanya wanga na kila asidi na kila besi utakayotumia, udondoshee iodini. Pote panatakiwa pawe bluu iliyoiva, karibu na nyeusi, kwa sababu wanga bado upo wote.

Kwenye ndimu utaona bluu inaingia, inatanda kidogo, kisha inafutika mbele ya macho yako. Wanga haujaenda popote. Vitamini C ya ndimu ndiyo inayoigeuza iodini kuwa iodaidi, isiyo na rangi. Kwa hiyo ndimu, limau na chungwa sivitaki kabisa kwenye jaribio hili, hata kama ndivyo vilivyo karibu. Tumia siki nyeupe. Maji ya betri yaache kwa fundi.

Magadi nayo hula iodini kwa njia yake: besi ikiwa kali, iodini hubadilika na rangi hupotea. Magadi huwezi kuyakwepa, maana unaihitaji pH ya juu, yaani upande wa besi (pH ni kipimo cha asidi na besi). Dawa yake ni hii: tone la kupima liweke kwenye sahani, ongeza siki kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo udondoshee iodini. Sasa bluu ikikosekana, ni kweli wanga umemeng'enywa. Ukisahau siki hata kwa tone moja, tone hilo litupe, usiliandike.

4. pH. Testityubu tatu, kila moja wanga mililita 5: ya kwanza ongeza siki mililita 1, ya pili maji, ya tatu maji ya magadi. Pima baada ya kuchanganya, kwa karatasi ya pH yenye rangi nyingi. Litimasi haitoshi: inakuambia asidi au besi, basi, wakati pH ikishuka kwa 1 tu asidi imeongezeka mara 10. Amilesi, yaani kimeng'enya cha mate, hupenda karibu na 7. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni, hupenda karibu na 2, kwa hiyo usiwafundishe watoto kwamba asidi huua kila kimeng'enya.

5. Kupima. Tia mate mililita 1 kila moja, na seti nyingine mate yaliyochemshwa. Kila nusu dakika toa tone, weka kwenye sahani nyeupe ya kauri, udondoshee iodini (la magadi litie siki kwanza). Bluu ikitoweka tone la kwanza, mate ni makali. Zimua uanze upya.

6. Ukibaki na muda. Chukua testityubu ya siki, tia magadi taratibu mpaka pH ifike 7, subiri dakika 10, pima tena. Bluu ikififia, asidi ilikuwa imekisimamisha kimeng'enya tu, na chaji za umeme zilizo juu yake zimerudi mahali pake. Ikibaki vilevile na iodini yako ni nzima, umbo la kimeng'enya limeharibika.